Fagio Lilipata Zabuni, Uuguzi Ukabaki Sadaka

Mwaka 1994 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliamua kutoa kazi ya taka nje ya mikono yake. Kata 10 za katikati ya jiji zilikabidhiwa kampuni binafsi iitwayo Multinet Africa. Kampuni ndiyo ingezoa, kampuni ndiyo ingepita mlango kwa mlango kudai ada, na halmashauri ingebaki na usimamizi. Hapakuwa na cha kupoteza. Mwanzoni mwa muongo huo jiji lilikuwa likitoa taka zaidi ya tani 1,000 kwa siku, na kilichofika dampo hakikutimia hata sehemu moja ya kumi. Zilizobaki zilichomwa, zilifukiwa uani, au zilisubiri mvua izishushe Mto Msimbazi.

Miaka hiyohiyo, ndani ya nyumba zilizopakana na majalala ya taka hizo, kulikuwa na kazi nyingine iliyowaelemea watu. Wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakirudishwa nyumbani kutoka hospitali za Muhimbili na Amana kwa sababu vitanda havikutosha na dawa za kuwatibu hazikuwapo. Kuna mtu alipaswa kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha uji, kufua mashuka yao. Kazi hiyo nayo ilikuwa huduma ya jamii, tena nzito kuliko ya fagio. Lakini kazi ya kwanza ikawa na mkataba, bei na malipo. Ya pili ikapata semina, posho ndogo na fulana.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Ina historia, na historia yenyewe ni ya jiji hili kujifunza, polepole mno, kumlipa mwananchi wake kwa kazi ya umma.

Tuanzie Kariakoo, katikati ya jiji, iliyorithi jina lake kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliowekwa kambi hapo na Waingereza baada ya Wajerumani kuuachia mji mwaka 1916. Vita ilipokwisha eneo likawa mji wa Waafrika, likitenganishwa na Uhindini kwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Uzunguni ilikuwa mbali zaidi, kwenye upepo wa bahari, na hospitali yake ya Ocean Road. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake bado liko Muhimbili. Mtu anayekwenda kumwona mgonjwa wake anaelekezwa jengo la Sewahaji, na mara nyingi hajui Sewahaji alikuwa nani.

Hospitali ilikuwa ya mwisho katika orodha ya watu. Mgonjwa aliuguzwa nyumbani, na nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilifaa kwa hilo: ukumbi katikati, vyumba vikitazamana kulia na kushoto, na uani nyuma wenye jiko, kisima au bomba, na choo. Vyumba vilipangishwa kwa watu wa makabila mbalimbali, na mwenye nyumba mara nyingi alikaa humohumo. Mpangaji akianguka homa, mke wa chumba cha pili ndiye aliyepeleka maji ya moto. Aliyekosa ndugu mjini alitegemea chama cha watu wa kwao. Vyama hivyo vya Wazaramo, Wanyamwezi na wengineo vilichanga senti kwa ajili ya maradhi na, hasa, maziko. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na 1957, aliyachora maisha hayo ya upangaji kwa undani katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1963. Serikali ilifurahia mpango huo wa wagonjwa kuuguzwa na majirani, maana haukuigharimu kitu.

Na zabuni? Zilikuwapo. Barabara zilijengwa, mitaro ilichimbwa, vifaa vya hospitali vilinunuliwa. Ila makaratasi yake yalikuwa ya Kiingereza, na mwenye kuomba alihitaji mtaji au mkopo. Mkopo ndio uliokuwa kikwazo kikubwa. Tangu miaka ya 1920 Tanganyika ilikuwa na sheria iliyozuia mikopo kwa wenyeji: deni alilokopeshwa Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila kibali cha serikali. Walioitunga walisema wanamlinda. Kwa vitendo, hakuna benki wala mwenye duka aliyekuwa na sababu ya kumkopesha fundi wa Mtaa wa Swahili saruji ya kuanzia kazi. Basi mikataba ya mji ilikwenda kwa wakandarasi wa Kizungu na wa Kihindi, na Mwafrika akaijua zabuni kama kibarua anavyoijua: kwa siku, kwa jembe, kwa ujira.

Uhuru ulibadilisha rangi ya wenye ofisi haraka kuliko ulivyobadilisha utaratibu wa kazi. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, kazi kubwa zilielekezwa kwa mashirika ya umma. Soko jipya la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo wa Kiafrika nchini, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, likiwa na paa lake la miavuli ya zege na shirika lake lenyewe la kuliendesha. Lilikuwa fahari ya jiji. Kichekesho ni kwamba lilipofunguliwa, jiji lenyewe halikuwa na halmashauri. Mamlaka za miji zilikuwa zimefutwa kabla ya hapo katika mpango wa madaraka mikoani, na Dar es Salaam ikawa inaendeshwa na maofisa wa serikali kuu. Mitaro ikaziba, taka zikalundikana. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu uliikumba nchi mwaka 1977, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa haraka.

Katika miaka hiyohiyo ilipitishwa sheria ambayo watu wa uuguzi wa majumbani wangepaswa kuikumbuka zaidi kuliko wanavyoikumbuka. Mwaka 1977 Bunge liliweka udhibiti wa hospitali binafsi, na matibabu ya kibiashara yakapigwa marufuku. Mashirika ya dini na ya kujitolea yaliruhusiwa kuendelea. Daktari au muuguzi aliyetaka kuishi kwa kutibu watu kwa malipo hakuruhusiwa. Nia ilikuwa njema: afya isiuzwe. Matokeo yake yalidumu kuliko nia. Kwa takribani miaka 14, hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1991, nchi nzima ilizoea kwamba kumhudumia mgonjwa ni kazi ya serikali au ya sadaka, hakuna njia ya tatu. Mzoa taka hakuwahi kuambiwa hivyo.

Ndiyo maana soko huria lilipoingia, taka zilikuwa tayari kuuzwa na uuguzi haukuwa.

Turudi kwa Multinet. Mkataba wake ulikuwa na kasoro moja iliyojulikana mapema: kampuni haikulipwa na halmashauri, ilijilipa kwa ada. Sheria ndogo ya mwaka 1993 ilikuwa imempa kila mwenye nyumba na biashara wajibu wa kulipia taka zake. Wenye maduka na hoteli walilipa kwa kusuasua. Wapangaji wa vyumba waliuliza kwa nini walipie kitu ambacho halmashauri ilikuwa ikifanya bure, hata kama haikuwa ikikifanya. Fedha hazikutosha mafuta ya magari. Kufika 1996 kampuni nyingine kadhaa zilikuwa zimeingizwa, na mwaka huohuo serikali ikaivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakazi wa mjini bado wanaizungumzia Tume hiyo, wengine kwa sifa kwa sababu ya barabara na usafi, wengine kwa uchungu kwa sababu ya vibanda vilivyovunjwa.

Jambo la Tume lililo muhimu hapa halikuwa na kishindo. Mwishoni mwa muongo huo ilipanua zabuni za taka hadi kata nyingi zaidi, na ikaruhusu vikundi vya wananchi kushindana pamoja na makampuni. Mfano wa karibu ulikuwapo tayari: Hananasif, ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Huko wakazi waliunda chama chao na, kuanzia 1994, wakaingia mkataba wa jamii wa kuchimba mitaro na kutengeneza barabara za mtaa wao, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine. Ilionekana kwamba watu wasio na kampuni wala katapila wanaweza kusaini mkataba, kutunza daftari na kumaliza kazi. Shirika hilohilo la Kazi likaja kusaidia vikundi vya taka: namna ya kukadiria bei, kujaza makabrasha, kugawa kata katika vipande ambavyo watu wenye mikokoteni wanavimudu.

Kwenye kupokea makabrasha hayo walijitokeza wanawake wengi. Wengine walikuwa mama lishe, wengine wake wa wafanyakazi waliopunguzwa viwandani. Kikundi kilianza na mafagio ya chelewa, sepetu, mabuti ya mpira yaliyotofautiana rangi na guta moja la kukodi. Alfajiri walifagia, asubuhi walikusanya mifuko uani kwa watu, jioni walirudi na kitabu cha risiti kudai ada ya mwezi. Kudai ndiko kulikokuwa kazi hasa. Mwenye nyumba anasafiri, mpangaji hajui, mwingine anatoa nusu na kuapa kwamba nyingine alimpa yule dada aliyekuja juzi. Vikundi vingi vilikufa katika kitabu hicho cha risiti. Vilivyopona vilikuwa na kitu ambacho vikundi vya uuguzi havikuwahi kuwa nacho: karatasi yenye muhuri wa halmashauri inayosema eneo hili ni lenu, huduma hii ni yenu, na bei yake ni hii.

Kwa kata za katikati, ambako kuna maghorofa na fedha, kazi ilizidi kuelekea kwa makampuni yenye magari ya kushindilia. Hilo lilitarajiwa. Zabuni ikinona, mdogo hubanwa.

Upande wa wagonjwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, chama cha walio katika mapambano na UKIMWI, mojawapo ya vyama vya mwanzo nchini kukaa na familia zilizopigwa na ugonjwa huo badala ya kuzihubiria tu. Mwaka 1992 ikaanza PASADA chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ikitokana na kikundi kidogo cha watu waliokuwa wenyewe wanaishi na virusi. Wahudumu wao walikwenda majumbani kwa miguu na kwa daladala. Mkoba wa mhudumu ulikuwa na glavu, pamba, bandeji, sabuni, jivii ya vidonda vya kinywa, panadol na pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa mikono: kumfundisha binti wa nyumba namna ya kumgeuza baba yake asipate vidonda vya mgongo, na namna ya kufua shuka bila kuogopa.

Fedha zilipokuja, zilikuja nyingi na kwa mlango mmoja. TACAIDS, tume ya taifa ya UKIMWI, iliundwa mwaka 2001, fedha za Benki ya Dunia kwa ajili ya UKIMWI zikafuata mwaka 2003, kisha fedha za Marekani na za Mfuko wa Dunia. Mradi wa Tutunzane, uliosimamiwa na shirika la Pathfinder, ulijaza wahudumu wa majumbani katika manispaa zote tatu za wakati huo: Ilala, Kinondoni na Temeke. Kikundi cha mtaani kilichotaka sehemu ya fedha hizo hakikujaza zabuni. Kiliandika andiko la mradi. Kwa mtu wa nje tofauti ni ndogo. Kwa aliyekaa ndani ni kubwa kama mchana na usiku. Zabuni inauliza: kazi hii utaifanya kwa bei gani? Andiko linauliza: shida yenu ni ipi, na mnaomba kiasi gani? Anayejibu swali la kwanza ni mwenye biashara, anayejibu la pili ni mhitaji. Mhudumu wa nyumbani aliitwa "mtu wa kujitolea" hata alipofanya kazi siku tano kwa wiki, na posho yake ilipimwa kama nauli.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004. Wagonjwa walisimama, wakarudi Mtaa wa Congo kuuza vitenge. Hilo ndilo jambo jema kuliko yote katika habari hii. Lakini wafadhili nao walianza kuhamisha macho, miradi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na maelfu ya watu waliofunzwa kuuguza majumbani wakabaki na vyeti. Halmashauri haikuwa na kifungu cha bajeti cha kuwachukua, kwa sababu haikuwahi kununua kazi yao.

Si kwamba mikataba ya afya ni kitu kigeni kwa halmashauri za Tanzania. Hospitali za mashirika ya dini zimekuwa zikifanywa hospitali teule za wilaya tangu miaka ya 1970, na tangu miaka ya 2000 halmashauri zimeingia mikataba ya huduma na vituo hivyo: kituo kinahudumia wajawazito na watoto, halmashauri inalipa. Kwa hiyo kisheria na kiofisi njia inajulikana. Imeishia tu kwenye lango la hospitali. Uingereza ilivuka lango hilo kwa sheria ya mwaka 1990, iliyoanza kutumika kikamilifu 1993: serikali za mitaa zikawa wanunuzi wa matunzo ya wazee majumbani, na makampuni yakashindana. Watanzania wengi waliokwenda huko wameishi kwa kazi hiyo, na watasimulia pia ubaya wake, yaani dakika 15 kwa mzee mmoja kwa sababu aliyeshinda zabuni alishinda kwa bei ya chini. Anayetaka kuiga aanze na masimulizi yao.

Nchini, sheria za ununuzi zimebadilika mara kadhaa tangu enzi za Bodi Kuu ya Zabuni. Sheria ya 2004 iliifuta bodi hiyo, ikaipa kila taasisi, halmashauri zikiwamo, bodi yake, na kuunda mamlaka ya kusimamia ununuzi, PPRA. Ikaja ya 2011. Marekebisho ya 2016 yaliagiza taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria mpya ya 2023 imelibakiza agizo hilo. Tangu Julai 2023 zabuni zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kikundi kinajisajili humo kikiwa kimetambuliwa na halmashauri kupitia idara ya maendeleo ya jamii. Sanduku la zabuni la bati lililofungwa kufuli, ambalo watu walisema lina funguo nyingi, limekwisha.

Pembeni ya zabuni kuna mikopo isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri, iliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2018: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ikarejeshwa 2024, na Jiji la Dar es Salaam ni moja ya halmashauri 10 zilizochaguliwa kuijaribu kupitia benki. Jiji hilo, tangu Februari 2021, ndilo lililokuwa Manispaa ya Ilala, yaani Kariakoo yote, Gerezani, Jangwani, Upanga na Kisutu zimo.

Ukitazama vikundi vinavyotumia nafasi hizi, utakuta usafi, upishi, ushonaji wa sare, matofali, bustani. Uuguzi wa nyumbani ni nadra hata kufikiriwa. Mahitaji yapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na katikati ya jiji wapo wazee wengi ambao watoto wao wamehamia Mbagala, Goba au Muscat. Nyumba za Kiswahili zimevunjwa kupisha maghorofa ya maduka, na pamoja nazo umekwenda ule uani ambako jirani alipeleka maji ya moto. Mwenye kiharusi ghorofa ya saba Mtaa wa Livingstone hana jirani. Ana dada wa kazi wa miaka 19 asiyejua kupima presha. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kufikia zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Ni hatua kubwa, lakini wahudumu hao wamewekwa zaidi kwa ajili ya kinga, elimu na rufaa. Kumwogesha mzee kila asubuhi ni kazi ya mtu mwingine.

Kikundi kitakachotaka kuwa mtu huyo mwingine kina masomo mawili ya kuchukua kwa wanawake wa mafagio. Kwanza, kazi yao ilikuwa imewekewa sheria ndogo, mipaka ya eneo na bei kabla hawajajaza karatasi. Kazi isiyo na kifungu cha bajeti haina zabuni, hata mfumo uwe wa kisasa namna gani. Pili, wasikubali mkataba wa kujilipa kwa ada za mlangoni. Ulichosha wazoa taka, na kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka utakuwa aibu. Muuguzi anayeongoza kikundi awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, wahudumu wake wawe wamefunzwa, na bei ihesabu glavu, nauli na mshahara, si posho.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai mosi, na mpango wa ununuzi unaandaliwa kutokana na bajeti ambayo madiwani huipitisha miezi kadhaa kabla. Wenye vikundi vya uuguzi wa majumbani wa Kariakoo na kata jirani waanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, wafike kwa ofisa maendeleo ya jamii na mganga mkuu wa jiji wakiwa na bei yao mkononi, wambane diwani wao, na wafanye hivyo kabla ya Krismasi. Machi wataambiwa bajeti imefungwa.